Kujenga Ngazi ya Nyumba ya Ghorofa Katika Mji wa Lamu: Hesabu, Nondo na Chumvi

Mtu anayepanda ngazi hatazami miguu yake. Hutazama kidato cha kwanza, pengine na cha pili, kisha mguu hukariri kimo kile na kuendelea wenyewe mpaka juu, hata gizani, hata akiwa na ndoo ya maji mkononi. Ndiyo maana tofauti ya sentimita 2 tu baina ya kidato kimoja na wenzake humwangusha kijana mwenye nguvu, ilhali ngazi kali ya nyumba ya kale, maadamu vidato vyake ni sawa, hupandwa na bibi kizee kutwa mara tano bila kisa. Kazi ya mjenzi wa ngazi, kabla ya zege na kabla ya vigae, ni kuhakikisha kwamba mguu haudanganywi.

Mimi nililijua hilo kwa kukosea. Katika nyumba moja ya mtaa wa Langoni nilipima kimo cha ghorofa kutoka zege tupu la chini hadi zege tupu la juu, nikagawanya sawasawa, na siku fomu, zile mbao zinazoshikilia zege bichi, zilipotolewa kila mtu aliisifu ngazi. Miezi michache baadaye sakafu ya chini ikasawazishwa na kutiwa vigae, ikapanda sentimita 6, na kidato cha chini kabisa, ambacho nacho kilipata kigae lakini si kwa unene ule, kikabaki kifupi kuliko vingine vyote. Kila aliyeshuka aligusa sakafu kabla ya mguu kuitarajia. Mama mwenye nyumba aliniita akanieleza kwa upole kuliko nilivyostahili: "Fundi, ngazi yako nzuri, lakini kila nikifika chini inanigonga goti." Hapakuwa na dawa nafuu ya kosa hilo, tulivunja vigae vya vidato vitatu vya mwanzo na kuigawanya tofauti ile, na bado mimi nikipita pale huisikia.

Kabla ya kupima

Ngazi mpya ni sehemu ya jengo inayobeba uzito na kuwabeba watu, kwa hiyo ramani yake hupitishwa na serikali ya kaunti pamoja na ramani ya nyumba, na nondo zake huamuliwa na mhandisi. Iwapo nyumba iko ndani ya Mji wa Kale, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, anza kwa kuzungumza na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, kwa sababu kutoboa dari la boriti au kubomoa daraja, yaani ngazi ya kale ya mawe, si jambo la mwenye nyumba na fundi wake peke yao. Vipimo ninavyovitaja humu ni vya nyumba ya kawaida ya familia. Vitakuwezesha kupanga na kumsimamia fundi, lakini havichukui nafasi ya mhandisi.

Jiulize pia ngazi itabeba nini. Watu wengi hufikiria miguu tu. Fikiria godoro la futi 5 kwa 6, kabati, mtungi wa gesi, na mgonjwa aliyeshikwa kwapa huku na huku. Fikiria na jeneza, kwa maana katika miji yetu watu hufariki majumbani mwao, huoshwa humo humo, na kushushwa mabegani mwa wanaume wanaotaka kufanya hivyo kwa heshima, bila kumwinamisha maiti kama gunia. Ngazi yenye upana wa mm 900 safi, kutoka ukutani hadi kwenye mkono wa kushikilia, inatosha kwa familia; kwa nyumba ya wageni mimi sikubali chini ya mm 1,100. Ikiwa ngazi inageuka katikati, usijaze nafasi ya kati kwa ukuta unaofika darini. Jeneza la urefu wa mita 2 haligeuki likiwa limelala kwenye kituo (ile sakafu ndogo ambapo ngazi hugeukia) cha mita 1. Hugeuka kwa kuinuliwa juu ya mkono wa ngazi, na ukuta mrefu wa katikati huzuia njia hiyo moja iliyobaki.

Hesabu ya vidato

Kila kidato kina vipimo viwili. Cha kwanza ni kimo, yaani kiasi ambacho mguu unainuka. Cha pili ni kikanyagio, yaani kina cha mahali pa kuweka mguu, kinachopimwa kwa ulalo kutoka ukingo wa kidato kimoja hadi ukingo wa kinachofuata. Kuna kanuni inayonasibishwa na François Blondel, msanifu majengo wa Ufaransa wa karne ya 17, ambayo mafundi wa nchi nyingi wanaitumia mpaka leo: zidisha kimo mara mbili, ongeza kikanyagio, na jumla iwe baina ya mm 600 na 640. Maana yake ni kwamba hatua ya mtu mzima ina urefu wake wa kawaida, na kadiri anavyolazimika kuinua mguu juu ndivyo anavyopungukiwa na hatua ya kwenda mbele. Ngazi iliyo chini ya kiasi hicho humfanya mtu ajikanyage. Iliyozidi humfanya arukeruke.

Katika nyumba ya kuishi, kimo cha mm 160 hadi 180 na kikanyagio cha mm 260 hadi 290 ni raha. Ukibanwa sana na kiwanja unaweza kupanda hadi mm 190 kwa kikanyagio cha mm 240, nami hapo ndipo ninapokomea, ingawa kanuni za Uingereza, kwa mfano, huruhusu ngazi ya nyumbani kufika kimo cha mm 220 maadamu mwinuko wake haupiti nyuzi 42.

Sasa chukua mfano wenye vipimo kamili, uufuate kwa kalamu. Kutoka zege tupu la chini hadi uso wa zege tupu la juu umepima mm 2,990. Sakafu ya chini itaongezwa mm 60 za kusawazisha na vigae. Ya juu itaongezwa mm 40. Na kila kidato kitapata mm 30 za udongo wa saruji pamoja na kigae. Kimo cha kweli, kutoka sakafu iliyomalizika hadi sakafu iliyomalizika, ni 2,990 ukiondoa 60 na kuongeza 40, yaani mm 2,970. Gawanya kwa 18, upate mm 165 kamili. Zidisha mara mbili, upate 330. Ongeza kikanyagio cha mm 280, jumla ni 610, nayo imo ndani ya kanuni.

Hapa ndipo palipo siri ambayo ilinigharimu vigae vya Langoni. Vimo vya zege tupu havitakuwa sawa, na havitakiwi kuwa sawa. Uso wa kidato cha kwanza ukimalizika utakuwa mm 225 juu ya zege tupu la chini, yaani 60 za sakafu na 165 za kimo. Ondoa mm 30 za kigae chake, zege lake liishie mm 195. Vidato vyote vya katikati vitapandana kwa mm 165. Kuruka kwa mwisho, kutoka zege la kidato cha 17 hadi zege tupu la ghorofa, kutakuwa mm 155 tu, kwa sababu sakafu ya juu itaongezeka mm 10 kuliko kidato. Jumlisha ujihakikishie: 195, na mm 165 mara 16, na 155, jumla ni 2,990. Fundi ambaye hakuelezwa ataona kidato cha kwanza kirefu na cha mwisho kifupi, atadhani umekosea hesabu, naye atakusaidia kwa kusawazisha. Basi mweleze mapema, na uviandike vipimo hivyo vitatu ukutani kwa rangi.

Ngazi hiyo ya vimo 18 nikiigawa kuwa mikondo miwili kwa kituo cha kati, kila mkondo utakuwa na vimo 9 na vikanyagio 8, maana kanyagio la tisa ndilo kituo chenyewe, au ndiyo sakafu ya juu. Vikanyagio 8 vya mm 280 ni mm 2,240. Ongeza kituo cha mm 1,000, urefu wa ngazi yote ni mm 3,240. Mikondo miwili ya mm 900 na nafasi ya mm 100 baina yake hufanya upana wa mm 1,900. Vyumba vya nyumba zetu za kale vilikuwa vyembamba, havikuzidi mita 2.8 hivi, kwa kuwa boriti ya mkoko haibebi dari zaidi ya hapo. Na wengi wanaojenga leo kwa zege bado wanafuata upana ule kwa mazoea. Ngazi ya mm 1,900 inaingia humo na kuacha njia ya kupita mtu ubavuni.

Ukiwa umepungukiwa na urefu, rudi kwenye hesabu kabla ya kurudi kwenye ukuta. Vimo 16 vya mm 185.6 kwa kikanyagio cha mm 250 vinakupa mm 2,750 badala ya 3,240, karibu nusu mita imeokoka, na jumla ya kanuni ni kama 621. Ngazi imekuwa kali kidogo, lakini bado ni ya heshima. Jambo ninalokataza ni kuokoa nafasi kwa kukigeuza kituo kuwa vidato vya pembe vilivyochongoka kama vipande vya chungwa. Mtoto hukata kona kwa ndani, mahali ambapo kikanyagio hakipo. Kama hapana budi, viweke chini kabisa ya ngazi, ambako kuanguka ni kufupi, na upande wa ndani usipungue mm 50.

Kipimo cha mwisho ni cha kichwa. Kutoka ukingo wa kidato chochote kwenda juu wima, mpaka kitu cha kwanza kinachokutana na kichwa, pawe na mita 2 au zaidi. Boriti ya zege inayoshikilia ukingo wa tundu la ghorofa ndiyo hupiga watu mapaji, kwa sababu mchoraji hupima hadi chini ya dari na kuisahau ile boriti.

Ufito wa vipimo na fomu

Usipime kidato kwa kidato kwa utepe. Ukikosea milimita 2 kila mara, hadi kidato cha 18 umekosea sentimita 3 na nusu, na kosa lote litalala kwenye kidato cha mwisho. Chukua ubao mwembamba ulionyooka, mrefu kuliko kimo cha ghorofa, uchore juu yake alama zote kwa kuhesabu kutoka mwanzo mmoja: 195, 360, 525, na kuendelea hadi 2,835, kisha 2,990. Usimamishe ubao huo ukutani kwa timazi, uhamishe alama kwa pima maji, na uchore ngazi nzima ukutani kwa ukubwa wake halisi, vidato, kituo na mstari wa chini wa bamba, yaani zege la mteremko linalobeba vidato. Mimi humwita mwenye nyumba siku hiyo aje aitazame ngazi yake ikiwa bado ni mchoro wa penseli, kwa kuwa kubadili penseli hakugharimu kitu.

Chini ya mchoro ndipo seremala wa fomu anapoanza. Mbao za chini hulala kwa mteremko juu ya miti ya kutegemeza. Miti ya mikoko hufaa, mradi kila mti ukalie kipande cha ubao na si mchanga mtupu, na uzuiwe usiteleze kwa kabari mbili zilizopigwa kwa kukutana. Kwa kuwa bamba limelala kwa mteremko, zege bichi husukuma fomu kuelekea chini, si kuelekea ardhini tu, hivyo miti iliyosimama wima peke yake haitoshi. Iwepo mingine ya kuinama inayouzuia mwisho wa chini. Mbao za mbele ya vidato huninginizwa kutoka kwenye mbao za ubavuni, na makali yake ya chini yachongwe kwa mshazari ili ncha ya mwiko ifike hadi kwenye kona na kulainisha kikanyagio chote.

Nondo

Katika ngazi ya kipimo hiki, bamba la unene wa mm 150, lililopimwa kwa pembe mraba na mteremko chini ya kona za ndani za vidato, lenye nondo kuu za D12 (kipenyo cha mm 12) kila mm 150 zikifuata mteremko na nondo za D8 au D10 zikizikata kila mm 200, ni jambo la kawaida ambalo mhandisi atalithibitisha au kulibadilisha. Nondo kuu hukaa chini ya bamba, kwa sababu huko ndiko ngazi inakovutika inapobebeshwa mzigo. Fundi anayezilaza katikati "ili zisionekane" ameitia nyumba chuma kisichofanya kazi.

Kuna kona moja ambayo makosa yake hayaonekani hadi miaka ipite. Mahali mkondo unapopanda na kukutana na kituo kwa juu, uso wa chini wa zege hujikunja kuingia ndani. Nondo ya chini ikiikunja kona ile na kuendelea chini ya kituo, siku itakapovutwa itataka kunyooka, na itanyooka kwa kulibandua zege la chini. Basi nondo za mkondo zisipinde pale. Zipite moja kwa moja mpaka karibu na uso wa juu wa kituo ndipo zilale, na nondo za chini za kituo nazo ziingie ndani ya mkondo mpaka karibu na uso wake wa juu, zikipishana kama vidole vya mikono miwili. Kona ya chini, mkondo unakoanzia, haina taabu hiyo.

Kituo hukaliwa na mzigo mkubwa, kwa hiyo kiingie ukutani angalau mm 150. Ukuta wa mawe ya matumbawe usigongwe kwa nyundo kubwa. Chimba matundu taratibu kwa patasi, uyajaze zege la kukalia, kwa sababu jiwe letu ni jepesi na huchoka mahali mzigo unapokusanyika kwenye nukta moja. Kwenye ghorofa ya juu, acha nondo zichomoze mm 600 tangu siku slabu, yaani zege la sakafu yake, inapomwagwa, ili ngazi ijiunge nazo. Kubandika ngazi kwenye slabu iliyokwisha kukauka bila nondo za kuungana ni kuiegemeza tu.

Jambo la usafirishaji, kwa kuwa ni la kwetu: nondo zinauzwa kwa urefu wa mita 12, na hakuna kichochoro cha Mkomani kinachoruhusu kitu cha mita 12 kupinda kona. Zikate upande wa bara kwa vipimo vya orodha yako kabla ya kuvuka kutoka Mokowe, ili zikifika gatini ziingie mtaani kwa mkokoteni au kwa punda bila kukwaruza milango ya watu.

Chumvi

Ngazi nyingi za zege katika mji wetu hazifi kwa uzito. Hufa kwa kutu. Chumvi ikifika kwenye nondo huivunja kinga ambayo saruji huipa chuma, chuma hushika kutu, na kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa. Zege haliwezi kunyooka kumpisha mgeni huyo, basi hupasuka kwa mistari iliyonyooka chini ya ngazi, halafu vipande huanza kuanguka. Chumvi ya hewani huingia polepole, na hiyo tunaizuia kwa kuweka mm 40 za zege safi baina ya nondo na uso wa nje, kwa kutumia vile vitofali vidogo vya saruji ambavyo mafundi huviita biskuti, badala ya kuinua nondo kwa kokoto au vipande vya mti. Chumvi tunayoitia wenyewe ndani ya mchanganyiko ndiyo haina dawa.

Kwa hiyo mchanga wa ufuoni haufai hata kidogo. Milima ya mchanga ya Shela nayo haiguswi, kwa sababu ndiyo inayohifadhi maji matamu yanayotegemewa na mji mzima, na eneo lile limelindwa. Mchanga uletwe kutoka bara, nao uwekwe ndani ya mifuko au ufunikwe turubai, maana mashua ikipigwa na wimbi njiani, mchanga mtamu hufika gatini ukiwa na chumvi. Lowesha kiganja cha mchanga kwa maji safi kidogo, acha yatulie, uyaonje. Ulimi hautakupa nambari, lakini mchanga mbaya utautambua. Maji ya kuchanganyia yawe yale unayoweza kuyanywa. Kisima chenye maji ya munyu ni cha kufulia na kuoshea miguu, na fundi anayekuambia kwamba "simiti itaimeza chumvi" muulize ngazi zake za miaka kumi iliyopita ziko wapi.

Siku ya kumwaga

Ngazi ya mfano wetu hula takriban mita 1.3 hadi 1.4 za ujazo wa zege. Kwa mchanganyiko wa saruji sehemu 1, mchanga 2 na kokoto 4, hiyo ni mifuko 9 ya kilo 50, nawe nunua 10. Maji yawe machache: zege la ngazi liwe gumu kiasi cha kusimama lenyewe kwenye mwiko, kwani lililo jepesi hukimbilia chini na kufurika kwenye vidato vya mwanzo huku vya juu vikibaki vitupu. Anza kumwaga chini, panda kidato kwa kidato, na kila kimoja ukisindilie kwa kipande cha nondo mpaka mapovu yakome kutoka. Kazi ianze baada ya alfajiri na imalizike siku ile ile. Zege lililolazwa katikati ya mkondo na kuendelezwa kesho yake huacha mshono, na mshono wa katikati ya ngazi ni mahali pabaya mno pa kuacha udhaifu.

Jua likishapanda, funika kwa magunia na uyamwagie maji safi asubuhi, mchana na jioni kwa siku 7 kwa uchache. Katika kaskazi, upepo ukiwa mkavu na mkali, mimi huongeza hadi 10. Mbao za mbele ya vidato zaweza kutoka baada ya siku mbili au tatu; miti ya chini isiguswe kabla ya wiki mbili, na ikiwezekana wiki tatu. Wakati huo ndio mwenye nyumba hushawishika kupandisha mifuko ya saruji juu kwa kuipitia ngazi mpya. Mzuie.

Mkono wa ngazi, vigae na mwanga

Mkono wa kushikilia uwe mm 900 juu ya ukingo wa vidato, uendelee bila kukatika hadi kituoni, na nafasi baina ya fito zake zisiruhusu tufe la mm 100 kupita, kwa sababu panapopita zaidi ya hapo hupita kichwa cha mtoto. Fito zisimame wima. Zikilala, mtoto ataziona ni ngazi ya pili. Chuma cha kawaida kikipakwa rangi hakimalizi misimu mingi mbele ya hewa ya bahari. Mbambakofi hudumu, hushikika vizuri, nao mafundi wa kuchonga hapa mjini wanaujua mti huo kuliko mtu yeyote.

Watu wetu hupanda ngazi pekupeku, mara nyingi miguu ikiwa bado na maji ya udhu. Kigae kinachong'aa katika hali hiyo ni hatari. Tumia kigae chenye uso wa kukwaruza, au niru ya saruji yenye mifuo miwili au mitatu iliyochorwa sambamba na ukingo ingali mbichi. Swichi ya taa iwe chini na nyingine juu, zote zikiwasha taa moja, na dirisha dogo la kituoni litakufaa zaidi ya taa zote hizo umeme ukikatika.

Ukikuta daraja la kale

Wazee huiita daraja ile ngazi ya mawe iliyojengwa kwa matumbawe na chokaa, yenye ukingo wa mbao kwenye kila kidato, na aghalabu vidato vyake hupita sentimita 20 kwa kimo. Usikimbilie kuivunja. Kagua kwanza kama imejazwa mawe hadi chini au imebebwa na boriti zilizolazwa kwa mteremko. Gonga boriti kwa mpini wa nyundo usikilize, na uchome msumari kwenye ncha zinazoingia ukutani, kwa kuwa mchwa na unyevu huanza huko, ndani ya ukuta, huku sehemu inayoonekana ikiwa bado nzima. Boriti iliyooza hubadilishwa moja baada ya nyingine, ngazi ikiwa imetegemezwa, kamwe si zote kwa pamoja.

Vidato vilivyolika virudishwe kwa chokaa na mchanga, sehemu 1 kwa 3, bila kutia saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe na huziba unyevu ndani. Chumvi hukusanyika nyuma ya kiraka, na baada ya misimu michache ya mvua kiraka huanguka kikiwa kizima, kimeshikilia uso wa jiwe lenyewe. Chokaa hukauka kwa kuvuta hewa, nacho hakiharakishwi: paka tabaka jembamba, lisilozidi sentimita 1, linyunyizie maji kila siku, ulipe wiki nzima kabla ya tabaka linalofuata. Kabla ya kupaka tabaka la mwisho, simamisha tena ule ufito wa vipimo ubavuni mwa daraja na uandike kimo cha kila kidato kama kilivyo. Utakuta vimetofautiana, maana vimekanyagwa kwa vizazi. Gawanya tofauti hiyo katika unene wa tabaka la mwisho, milimita chache hapa na chache pale, mpaka mtu wa nyumba hiyo apande akiwa amefumba macho, nawe ukiwa umesimama chini umsikilize nyayo zake.